Fanueli, Aliyenusa Kabla ya Kuandika

Mazishi ya Fanueli Nzunda yalinichefua. Yalifanyika Ruanda, Mbozi, mwaka 1953, mvua za kwanza zilipokuwa zimeanza kulainisha udongo, na watu walijaa mpaka shambani kwake wakaikanyaga miche ya kahawa. Mzee wa kanisa alisimama akasema marehemu alikuwa mtu wa amani, aliyejaliwa lugha tano, asiyemkwaza mtu. Watu wakaitikia. Mimi nilikaa nyuma na kofia yangu mapajani.

Fanueli hakuwa mtu wa amani hata kidogo. Alimkwaza kila aliyemkaribia, na mimi alinikwaza kuliko wote. Kama kuna jambo moja safi nililoliona katika miaka yangu ya ukarani, ni huko kukwaza kwake. Lakini sikusimama kusema, kwa sababu ningemsema yeye ningelazimika kujisema na mimi. Miaka minne imepita tangu siku ile na bado jambo hili linanikaa kooni, basi acha nilitoe hapa.

Mimi naitwa Efraimu Mwashiuya, mzaliwa wa Nanyala. Misheni walinifundisha kusoma, kuandika na kupiga mashine ya chapa, na hiyo mashine ndiyo iliyonifikisha Tunduma mwaka 1937, kwenye kambi ya kuandikisha manamba. Kambi ilikuwa ya Mwingereza mmoja aliyekusanya vijana wa Kinyiha na Kinamwanga na kuwapeleka kwenye mashamba ya miwa ya kampuni fulani kule Mto Zambezi, upande wa Wareno. Sisi tulimwita Bwana Leso. Hakuwahi kuonekana bila kitambaa cheupe puani, kimenyunyiziwa manukato, na alikuwa na vingi vya kubadilisha kutwa mara tatu. Vibarua walivifua, na maji ya kufulia yalinukia vizuri kuliko sisi sote.

Fanueli aliletwa kambini kwa sababu ya Kireno. Alikuwa amekipata vitani. Mwaka 1917 Wajerumani walipokimbilia kusini walimkamata akiwa na miaka kumi na sita, wakamtwika sanduku la risasi na kumvusha Ruvuma. Huko akaugua, akaokotwa na Wareno, na akabaki miaka sita katika hospitali moja ya Kilimane akifua bandeji na kumwaga ndoo. Alirudi Ruanda mwaka 1924 na kikombe cha bati na lugha isiyohitajiwa na mtu yeyote wa kule. Akapanda kahawa, akaoa, na watu wakamwita Senyori, bwana wa Kireno, kwa dhihaka.

Alirudi na tabia nyingine pia. Katika hospitali ile, alisema, kulikuwa na mganga mzee wa Kireno aliyeandika kadi za wagonjwa. Yule mzee hakuandika kadi hata moja kabla ya kufunua shuka, kuinama, na kukinusa kidonda. Kuna kidonda kinachonuka chuma, kingine kinanuka tunda lililooza, na mwenye pua anajua yupi atapona na yupi akatwe mguu. Akishanusa ndipo anashika kalamu. Fanueli aliichukua tabia hiyo kama mtu anavyochukua dini. Kila karatasi ya Kiingereza niliyompa aigeuze Kireno, alitaka kwanza amwone yule mtu aliyetajwa ndani yake. Amsimamishe mbele yake, amtazame macho, ulimi na miguu, ainame amnuse. Vijana walicheka mpaka wakakaa chini.

Nilimwambia siku moja, "Kaka, kazi yako ni maneno. Mtu ameandikwa mrefu, andika mrefu."

"Karatasi haina pua, mdogo wangu," alinijibu, akaendelea kumnusa yule kijana kwapani.

Mimi nilimwona mshamba. Nilivaa viatu, na yeye hakuvaa.

Sasa niseme habari za banda. Nyuma ya kambi, karibu na shimo la takataka, kulikuwa na banda la nyasi walimolazwa wale walioumwa wakingoja lori la kwenda kusini. Safari moja walingoja wiki sita. Watu walitoka nyanda za juu na kutoka bonde la joto la Momba, wakalala pamoja sakafuni, wakanywa maji ya kisima kilichochimbwa chini ya shimo lile lile. Wakaanza kuhara damu. Vidonda vya miguuni vikapanuka mpaka mfupa ukachungulia. Humo ndani mlikuwa na ndoo moja kwa watu kumi na mmoja, na asiyeweza kuifikia alijimalizia hapo alipolala. Nzi walikuwa wengi mpaka ukiwa nje ulidhani kuna mashine inazunguka. Ile harufu iliingia kwenye wali, ikaingia kwenye karatasi zangu, na hadi leo nikifungua daftari la zamani huwa nalisogeza mbali kwanza.

Bwana Leso hakuingia mle. Alisimama hatua kumi kutoka mlangoni, kitambaa puani, akauliza kwa mkono: huyu vipi, na yule vipi. Mnyapara akijibu kwamba fulani hawezi kuinuka tena, Bwana Leso alisema neno moja la Kiingereza: discharge, yaani aachiwe. Basi watu wanne walimtia yule mgonjwa kwenye machela, wakampeleka mwendo mfupi tu mpaka kwenye yale mawe ya mpaka, wakavuka upande wa Rodesia, wakamlaza chini ya kijiti na kibuyu cha maji na unga wa siku moja. Halafu walirudi na machela tupu. Mimi nilipiga chapa neno lile mbele ya jina lake. Kwa sababu hiyo kambi yetu haikuwahi kufiwa hata na mtu mmoja. Tulisifiwa kwa barua kwa kutunza afya za vibarua, na barua ile niliibandika ukutani kwa mikono yangu.

Niliona machela zikienda na mtu na kurudi tupu. Mtu asije akasema sikujua.

Mmoja wa wale kumi na mmoja, ambao wote walitolewa hivyo, alikuwa Kasiani Simbeye wa Chitete, Mnamwanga, mtu wa vichekesho, mwenye mkanda wa ngozi ya mbuzi aliousuka mwenyewe kwa nyuzi tatu. Alikuja na miguu mizima. Alipigwa na jembe kifundoni akisafisha uwanja wa kambi, kidonda kikaota, kisha tumbo likamshika. Alitolewa mwezi wa kwanza mwishoni.

Wiki tatu baadaye mkewe alifika. Aliitwa Teresia, na alikuwa ametembea siku mbili kutoka Chitete, mtoto mgongoni na kikapu cha maharage kichwani. Alipiga magoti mlangoni pa ofisi kama wanavyofanya wanawake wa kwao.

"Shikamoo, Bwana Karani. Namtafuta baba wa mtoto, Kasiani Simbeye."

Nilifungua daftari. Nilijua kilichomo, lakini nilifungua, nikapitisha kidole juu mpaka chini ili aone kazi inafanyika. "Ameachiwa, mama," nikasema.

"Ameachiwa? Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Mbona nyumbani hajafika, baba?"

Vijana wawili wa ghala walikuwa wamekaa pale wakinisikiliza, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye viatu. Nikasema, "Mwanamume akiachiwa, mama, anajua mwenyewe alikoelekea." Vijana wakacheka. Mmoja akaongeza neno kuhusu wanawake wa Kibemba wa kule kwenye migodi ya shaba.  Teresia alinipimia kibaba cha maharage kama shukrani ya kusomewa daftari, akafunga kikapu, akaondoka. Jioni niliyapika yale maharage na kitunguu, nikala nikashiba.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko ulimi. Neno langu lilifika Chitete kabla yake. Wakwe zake walisikia kwamba ofisi imethibitisha Kasiani ameachiwa akiwa mzima, na kwamba ameona ni heri avuke mpaka kuliko kurudi kwa mke wake. Wakaanza kumtafutia makosa. Mwanamume hakimbii nyumba nzuri, walisema. Wakampa muda mpaka mavuno ya ulezi: Kasiani asipoonekana, watoto watatu wabaki kwa bibi yao, yeye arudi kwao na nguo zake. Kama mumewe angejulikana amekufa angekuwa mjane, angekaa matanga, angebaki na watoto wake chini ya paa la mumewe. Lakini alikuwa mke aliyekimbiwa, na mke aliyekimbiwa hana matanga.

Mwezi wa nne ikaja barua kutoka kampuni ya miwa, kwa Kireno. Walitaka orodha ya wale kumi na mmoja ambao hawakufika, kwa Kireno, na sababu ya kila mmoja. Nikampa Fanueli orodha yangu ya Kiingereza. Majina kumi na moja, na mbele ya kila jina neno lile lile. Niliona ni kazi ya robo saa.

Fanueli aliweka kidole juu ya lile neno. "Neno hili nini?" akauliza.

"Si unalijua, kaka."

"Nalijua. Ndiyo maana nakuuliza." Akaanza kuhesabu kwa vidole vyake vyenye makovu ya sabuni ya hospitali. "Mgonjwa akipona akatoka hospitali, Wareno wanasema alta. Mfungwa akitolewa jela, wanasema solto. Mtu akifukuzwa kazi ni despedido. Meli ikishusha mizigo ni descarga. Na usaha ukitoka kwenye kidonda, hilo nalo Waingereza wanaliita hivi hivi, na Wareno wana neno lake. Sasa Kasiani Simbeye alipona? Alifungwa? Alifukuzwa? Alikuwa gunia? Au alikuwa usaha?"

"Andika moja lolote," nikasema. "Andika la kupona. Ni zuri, halina maswali."

"Umemwona amepona?"

Nikamsogezea kalamu.

"Kiingereza chenu hiki," akasema, "ni shuka la hospitali. Unalifunika juu ya mtu yeyote, na kwa mbali wote wanaonekana wamelala." Akaikunja orodha, akaitia kifuani, akaenda moja kwa moja kwa Bwana Leso. Nilimfuata, maana Kiingereza alikisoma tu bila kukisema, na mimi ndiye niliyefasiri.

"Bwana," alisema, "Kireno hakina neno hili moja. Lazima niwaone watu hawa ndipo nijue la kuandika. Nipe siku kumi."

Bwana Leso alisema kwa nyuma ya kitambaa kwamba hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Lakini hakuwa na mtu mwingine wa Kireno toka Mbeya mpaka Abercorn, na kampuni ilikuwa inangoja. Akampa siku tisa. Fanueli alisema jambo moja wakati tunatoka, kwamba hata leso ni neno la Wareno, na kwamba Mwingereza yule anatembea na Kireno puani na hajui. Hilo ndilo lililokuwa karibu na mzaha kwake.

Aliondoka na unga, chumvi na kikombe chake cha bati. Alipita vijiji vya Momba, akapanda Mbozi, akavuka mpaka mara mbili. Siku ya tisa alirudi na miguu imepasuka, akanikalisha chini. Kati ya kumi na mmoja, watano walikuwa hai. Waliokotwa na watu wa vijiji vya karibu, au walitambaa wenyewe mpaka kwa ndugu zao, kwa sababu Wanamwanga wako pande zote mbili na jiwe la mpaka haliwazuii kuwa shemeji. Wawili hakuona hata nyayo zao. Wanne walikuwa wamekufa.

Kasiani alikufa siku ya tatu baada ya kulazwa chini ya kijiti. Mjane mmoja wa upande wa Rodesia, Elina, alimwona akitokea shambani kwake. Alimpelekea uji, na alipoona haumezeki akakaa naye akimfukuzia nzi mpaka mwisho. Kaka zake Elina wakamfunika kwa mawe, kwa kuwa ardhi ile ni ngumu. Fanueli alikwenda akayaona mawe. Alisema aliinama pale, na nilijua kwa nini aliinama, na safari ile sikucheka. Elina alikuwa ameuhifadhi ule mkanda wa nyuzi tatu. Fanueli akauweka juu ya mashine yangu ya chapa.

Kisha akaandika orodha yake. Hakuandika neno moja moja. Kila mtu alipata mstari mzima au miwili: alikolazwa, na nani, aliishi siku ngapi, nani alimpa maji, mawe yako wapi. Kwa wale wawili aliandika tu kwamba hakuwaona. Bwana Leso alipoipokea alikunja uso.

"Kwa nini maneno mengi hivi?"

"Kireno ni lugha ndefu, Bwana," akasema Fanueli.

Bwana Leso akatia sahihi, akagonga mhuri wa kambi juu yake, ikaenda.

Nilidhani mbingu zitaanguka. Niseme mapema zilivyoanguka ili jambo hilo lipite. Majibu yalikuja baada ya majuma matatu. Kampuni ilishukuru kwa orodha iliyoeleza vizuri kila mmoja alikolazwa mpakani na nani, ikaomba watu wengine kumi na mmoja badala ya wale, ikasisitiza safari hii wakaguliwe miguu kwanza. Hawakutaja vifo hata mara moja. Fanueli aliisoma barua ile kwa sauti kwa Kiswahili, neno kwa neno, nami nikaigeuza Kiingereza, na hapo ndipo Bwana Leso alipojua alichokigongea mhuri. Alimfukuza siku ile ile. Mimi nilibaki. Nilipewa koti la kaki na chumba chenye dirisha, na nikakaa miaka mingine sita nikipiga chapa neno lile lile. 

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ile orodha ilipogongwa mhuri, Fanueli alichukua mkanda akaniambia, "Kesho asubuhi tunakwenda Chitete."

"Mimi nina kazi," nikasema. "Na wewe si ulipita Chitete? Mbona hukumwambia?"

"Nilipita. Nilimwona, nikamsalimu. Mimi hakuniuliza. Wewe alikuuliza, ukamjibu kwa daftari." Alisema bila kupandisha sauti. "Nikisema mimi, wakwe zake watasema ni Senyori, mwendawazimu wa Ruanda, na mkanda kauokota njiani. Neno la karani halitenguliwi na mpita njia. Litatenguliwa na mdomo ule ule."

Tuliondoka na jua. Siku ya kwanza tulipita nyanda za juu penye ubaridi, ya pili tukashuka bondeni kwenye joto. Njiani ndipo aliponieleza jambo ambalo watu wa mazishini hawakulijua. Vitani alipougua hakuokotwa tu na Wareno kama alivyokuwa akisema. Alitupwa kwanza. Wajerumani walimwacha kichakani amejichafua, na askari mmoja aliyerudi Mbozi akamwambia mama yake kwamba mwanawe ametoroka. Mama yake aliishi miaka mitatu baada ya hapo, akiwaomba radhi majirani kwa kuzaa mtoro. Fanueli aliporudi alikuta kaburi lake limeota nyasi.

"Huwa najiuliza yule askari alipewa nini cha kula pale kwetu," akasema. "Mama alikuwa mkarimu."

Tulipokuwa tumekaribia aliniambia, "Ukifika usionje kitu. Hata maji. Mila unaijua."

"Naijua," nikasema. Kwetu Wanyiha iko hivyo na kwao Wanamwanga iko hivyo. Aliyebeba habari ya kifo hali wala hanywi katika nyumba ile mpaka ameitua. Akikataa chakula, wenye nyumba wanaelewa kabla hajafungua kinywa. Wanawake wanaanza kuvua shanga. Akila, basi habari yake ni ya uzima. Ni mila nzuri, kwa kuwa inampunguzia mtu kazi ya kusema. Inatosha kutokunyoosha mkono.

Tulifika mchana. Teresia alikuwa anaanika ulezi. Aliponitambua alisimama wima, akafuta mikono kwenye nguo, akapiga magoti. Alikuwa amekonda. Hakuuliza kitu, mgeni haulizwi kabla ya kukaa. Aliniingiza ndani ya nyumba kwa heshima ya ukarani wangu, akaniketisha kwenye kigoda cha mumewe. Fanueli alikataa kuingia, akaketi nje ukutani, chini ya ghala la ulezi, ubavu kwetu. Nikasikia kuku akikimbizwa. Ninajua alikuwa na kuku wangapi, maana niliwaona tulipoingia. Walikuwa wawili.

Nilikuwa na muda wa kusema. Kuku hukimbizwa, huchinjwa, hunyonyolewa, huchemshwa. Muda wote huo nilikaa kwenye kigoda cha Kasiani nikitunga sentensi. Nilitunga nzuri nyingi. Watoto wawili walisimama mlangoni wakinitazama viatu. Mkwe wake, mama yake Kasiani, alipita mara mbili akichungulia, akaenda kukaa kwenye kibaraza cha nyumba yake akisubiri kama mtu anayesubiri hukumu.

Teresia akamwacha mtoto ampelekee Fanueli chakula nje, akaingia na maji ya kunawa. Nikanawa. Ningeweza kuacha kunawa. Akaweka mbele yangu ugali wa ulezi na sahani yenye paja na firigisi, kipande cha mgeni wa heshima, akarudi nyuma hatua mbili akapiga magoti, macho chini. Hakutazama uso wangu. Alitazama mikono yangu.

Sasa nisikilizwe vizuri, kwa maana sijawahi kulisema. Nilijua kabisa. Sikusahau mila, wala njaa haikunitia wazimu, ingawa nilikuwa na njaa. Niliona yale macho yamekaa kwenye mikono yangu, nikaona kwamba nikiiacha ilale mapajani nitakuwa nimesema, na sikuweza kusema. Nikawaza, nimege tonge moja tu ili aache kunitazama hivi, halafu nitasema. Nikamega. Nikachovya. Nikala.

Pumzi iliyomtoka Teresia niliisikia. Baada ya tonge la kwanza la pili lilikuwa rahisi, na kuku alikuwa amekolea chumvi, na mimi, Mungu anisamehe, nilimla mpaka kwenye mfupa. Nililamba na vidole. Teresia alikuwa amekwisha inuka. Nilimsikia nje akisema kwa sauti ambayo haikuwa ile ya ofisini, "Mama, Bwana Karani amekula." Akarudia, safari hii kwa Kinamwanga. Kikongwe yule akajibu kitu, kisha akapiga kigelegele kifupi, cha sauti iliyokauka, na jirani mmoja akamwitikia kutoka ng'ambo ya shamba. Watoto wakaanza kuulizana baba analeta nini.

Alirudi kuchukua vyombo. Alikuwa anatabasamu, na ndipo nilipoona kwamba ni mwanamke kijana, pengine mdogo kuliko mimi. "Basi yuko wapi, baba?" akaniuliza. "Yuko njiani?"

Nilimsogezea sahani.  Naye, kwa kuwa alikuwa na furaha na hakutaka kumhimiza mgeni, akachukua sahani yangu tupu akatoka nayo kwenda kukusanya na ya yule mgeni mwingine.

Nilimwona kupitia mlangoni. Fanueli alikuwa pale pale chini ya ghala. Mikono yake miwili ilikuwa imelala magotini, mikavu, haijanawa. Mbele yake ugali ulikuwa mzima kama ulivyopakuliwa, umepoa na kufanya ngozi juu, na nzi walikuwa wametua kwenye nyama. Juu ya mkeka, kando ya sahani, alikuwa ameuweka ule mkanda wa nyuzi tatu.

Teresia alisimama na sahani yangu mkononi. Alitazama sahani iliyojaa. Akatazama ile tupu. Akageuka akanitazama mimi, na mimi nilikuwa bado na mafuta ya kuku wake midomoni.